Nuru Yenye Sikuona

Jirani yangu hapa Ngezi, mu Bunia, anachemusha majani ya mikalitusi kwa mutoto wake mwenye kukohoa, na mvuke ya ile chungu inapita juu ya lupango yenye kugawa viwanja vyetu, inaingia mu nyumba yangu bila kubisha hodi. Nimeketi peke yangu mu kiti ya plastiki. Nyumba iko kimya. Watoto wangu, wengine niliwazika, wengine wako mbali na simu yao inakatika-katika. Nasikia ile harufu, na mara moja niko tena upande wa Fataki, juu ya kilima yetu yenye ukungu haitoki mpaka jua ipande sana. Mama yangu iko amejifunika kikwembe kichwani, anavuta mvuke, na mimi nashika chungu isianguke.

Vitu mingi inanitoka sasa. Nasahau pahali niliweka ufunguo, nasahau kama nilikwisha kumeza dawa. Lakini majina, hapana. Majina ya watu wote wa ile kilima ningali nayo. Mama yangu aliitwa Rebeka Lotsove. Mimi, Ngave, ndiye mutoto alibakisha, juu wawili wenye walinitangulia, Ngabu na Maki, surua iliwapeleka kabla mimi nizaliwe. Baba alikwenda Mongbwalu kwenye machimbo ya dhahabu. Habari yake ilikuja kidogo kidogo, kisha ikaacha kuja. Tulikaa na mama ya mama yangu. Jina yake Dhena, lakini mutoto gani angemuita jina? Siye tulisema Koko tu.

Mama aligonjwa kifua wakati wa kuvuna maharagi. Mwanzo alikuwa anakohoa na kuendelea na kazi, kisha akakohoa akiketi, kisha akakohoa akilala. Koko alileta majani ya kila namna. Watu wa dispansere walimupa dawa, wakasema arudi, lakini njia ilikuwa ndefu na miguu yake ilikataa. Kwa hiyo alibaki mu kitanda yake, kando ya ukuta, na mulango tuliacha wazi juu apate hewa.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Nasema hivi juu baadaye watu walisema usiku. Mbele ya nyumba tulikuwa tumetandika maharagi ku mukeka, na maganda ilikuwa inapasuka yenyewe kwa jua, tak, tak, mbegu inaruka mu majani. Moto yetu ilikuwa imekufa. Koko akachukua kigae, akaenda kuomba makaa kwa Mama Budza, jirani yetu wa chini. Mawingu ikafunika jua. Na Mama akasema na sauti yake ya kila siku, ile ya kutuma mutoto:

"Ngave, ingiza maharagi. Mvua inakuja."

Nikatoka. Matone ya kwanza ilikuwa inaanguka, kubwa-kubwa. Nikakusanya haraka, kisha nikaanza kuokota hata zenye ziliruka mbali, juu Mama hakupenda mbegu ipotee. Nilikawia. Nilipoingia na mukeka kichwani nikasema, "Mama, nimemaliza." Hakujibu. Nikafikiri amelala. Nikamufunika miguu, nikaketi chini, nikaanza kuchambua maharagi, ya muzuri huku, yenye kutobolewa huku, mpaka Koko akaingia na makaa yake inatoa moshi, akaangalia kitanda, na kile kigae ikamutoka mukononi.

Wamama wenye walikuja kumuosha ni Mama Budza, Sara muke wa Lokana, Ngona kiwete, na Marta wa kwaya. Wote wamekufa sasa, na wote nawaona. Mama Budza akauliza Koko, "Dada, alikufa namna gani?" Koko akasema, "Alikufa muzuri. Uso yake ilikuwa inangaa." Basi. Siku ya kwanza ilikuwa ile tu, nilisikia na masikio yangu.

Lakini kwenye matanga watu wanaketi kuzunguka moto, na maneno ni kama kuni, kila mutu anaongeza yake. Siku iliyofuata, uso peke yake haikungaa tena, nyumba yote ilingaa. Sara akasema kulikuwa ndege mweupe juu ya nyasi ya nyumba. Mimi nilifikiri anasema kuku ya Mama Budza, juu ile kuku ilikuwa mweupe na ilipenda kupanda pale na kututia uchafu. Nilitaka kusema. Marta akanikonyeza ninyamaze, watu wakubwa wanasema. Na tulipofika ku kaburi, Mwalimu Yosua alikuwa amekwisha kuipanga yote mu maneno yake: Rebeka aliketi mu kitanda mwenye nguvu kama musichana, akainua mikono, akaimba wimbo mupaka mwisho, akasema "Naona mulango inafunguka," nuru ikajaa nyumba, na ndege mweupe akaruka kwenda juu.

Mwalimu Yosua ndiye alichunga kanisa yetu ndogo. Alikuwa na kinga, baiskeli ya zamani, na sauti yenye ilifanya hata muzee mwenye kusinzia aketi sawasawa. Hakuwa mutu mubaya, nataka hii isikike. Wakati alieleza ile ushuhuda machozi yake ilitoka kweli. Nafikiri kila mara aliieleza aliiona tena, na kila mara aliona kitu kipya.

Na mimi niliamini. Weye mwenye kusoma hii, kama umri yako ni kama yangu, unajua mutoto wa wakati ule hakuuliza kama mwalimu anasema kweli. Mimi nilijiuliza kitu ingine. Kama nuru ilikuja, basi ilikuja wakati nilikuwa inje. Mama hakuwa na nguvu ya kukaa wakati nilitoka. Niliporudi alikuwa kimya. Kwa hiyo yote ilipita pale katikati, mu wakati wa kuokota mbegu. Mungu alingoja nitoke. Nilifikiri ni yeye alileta ile mvua, juu apate kunitoa. Alitaka kuja ku nyumba yetu, na mutu mwenye hakutaka kuona pale ni mimi.

Nikaanza kumuvizia. Nilitoka mu nyumba kama mwenye kwenda kisima, nikapiga hatua, kisha nikageuka mbio na kuingia na nguvu, nione kama nuru iko. Kulikuwa tu mutungi ya maji, mukeka yetu, kitanda tupu ya Mama. Mara ingine nilizunguka nyuma na kuchungulia mu tundu ya ukuta. Koko akasema, "Weye mutoto, unatafuta panya?" Ningesema nini? Kwamba natafuta Mungu, na yeye ananikimbia?

Ku kanisa nilikuwa mutu mukubwa. Wageni walipokuja, Mwalimu Yosua aliniita mbele, akaweka mukono juu ya kichwa yangu, akasema, "Huyu ndiye mutoto wa Rebeka." Hakunipa nafasi ya kusema. Wamama walinigusa mabega kama wanagusa kitu ya baraka. Lakini hakuna mwenye aliniuliza kama nimekula. Na watoto waliacha kucheza na mimi. Dhesi, binti ya Mama Budza, mwenye zamani tulikuwa tunabebana mugongoni, alisimama ku njia ya kisima na wenzake akanipigia kelele:

"Mutoto wa Nuru! Njoo utuwashie moto, kiberiti imeisha!"

"Dhesi, acha."

"Eh, anakasirika! Angalieni, ameanza kungaa!"

Walicheka mpaka maji ikamwagika. Mimi nilijaza chombo yangu wa mwisho, nikapanda kilima peke yangu. Ilikuwa hivyo siku nyingi. Kukaa peke yako juu watu wanakuchukia, hiyo naijua, niliiona baadaye mu maisha. Lakini kukaa peke yako juu watu wanasema uko mubarikiwa, hiyo iko na baridi yake.

Siku moja tulikuwa tunamenya viazi, nikauliza.

"Koko, ile nuru, ilikuwa na rangi gani?"

Kisu yake ikasimama. "Rangi gani? Ya nuru."

"Weye uliiona?"

"Mimi nilikuwa kwa Mama Budza kutafuta moto. Si unajua?"

"Na mimi nilikuwa inje."

"Ndiyo."

"Sasa nani aliiona?"

Koko aliweka kiazi yake mu maji. Alinenepa kwa ile ushuhuda, kama naweza kusema hivi. Ilimurudishia usingizi, ilimufanya aweze kupita kando ya kaburi. Akasema polepole, "Ngave, nilimuzaa mutoto mumoja tu. Unielewe. Ile maneno ndiyo inanishika mukono. Usininyanganye."

Sikumunyanganya. Lakini tangu pale nilikuwa na swali mubaya kuliko la kwanza. Kama nuru ilikuja, Mungu alinitoa inje. Kama haikukuja, hakuna mutu alikuwa mu nyumba, wala Koko, wala mimi, wala Mungu. Mama alikufa na nani? Nililala na ile swali, nikaamka nayo, nikaenda nayo shambani.

Kisha ikafika sikukuu ya mavuno, wakati makanisa yote madogo ilikutana Fataki, na vikapu, na kuku, na ngoma. Mwalimu Yosua alikuja kwetu akisukuma kinga yake.

"Ngave, mwanangu, safari hii utasema mwenyewe. Ni maneno kidogo tu. 'Niliona nuru.' Ingine yote nitasema mimi."

"Mwalimu, mimi nilikuwa inje."

"Inje wapi? Kiwanja si nyumba pia?"

Koko akacheka kidogo, juu alikuwa na furaha. Alikuwa amenishonea robo mupya, nguo ya sikukuu, ku kikwembe ya Mama.

Pale Fataki watu walikuwa wengi kuliko nilipata kuona. Mwalimu akaeleza. Alieleza muzuri kuliko siku zote, na wakati alifika ku ile wimbo, wamama wakaanza kulia, na Koko mu musitari ya mbele alifunga macho, akitabasamu. Kisha Mwalimu akaniinua juu ya meza ili nionekane. "Mutoto, sema. Uliona nini?"

Nataka niseme nilikuwa na ujasiri, lakini haikukuwa ujasiri. Nilifikiri: hawa ni watu wote wa Mungu wenye wako, pasta, wazee, wenye kusoma. Kama kuko mutu mwenye anajua jibu, iko hapa. Basi nikauliza.

"Sikuona kitu. Nilikuwa inje naingiza maharagi. Koko alikuwa kwa Mama Budza. Hakuna mutu alikuwa mu nyumba. Sasa Mama alikufa na nani?"

Muzee moja akakohoa. Niliangalia nyuso, moja-moja, nikingoja, na kila uso niliangalia iligeuka kuangalia chini. Kisha kiongozi wa kwaya akapiga makofi, wakaanza kuimba kwa nguvu, na mikono fulani ikanishusha kwenye meza.

Mwalimu Yosua alinikuta nyuma ya jengo. Alikuwa ameinama, anapampu gurudumu ya kinga yenye ilikuwa imekwisha kujaa. "Ngave," akasema bila kuniangalia, "ile watu wanakuja na mizigo. Nilitaka kuwapa kitu ya kurudi nayo nyumbani."

"Na mimi, Mwalimu?"

Aliendelea kupampu.

Koko alitangulia njia yote ya kurudi, mbio, kama mutu mwenye hana mutoto nyuma yake. Ku mulango ndipo aligeuka. "Umemuua mara ya pili," akasema, akaingia. Na baada ya pale hakusema na mimi ila maneno ya kazi. Leta maji. Toa majivu. Lala.

Wakati ule ndio alinituma kufukuza ndege mu mutama, kazi ya kutwa, mutu anaketi peke yake na mawe na kopo ya kugonga. Ndege wakikuja unagonga, wakienda unanyamaza. Hakukuwa mutu wa kunisikia, nami nikaanza kusema na Mungu kwa sauti. Haikukuwa sala. Sala nilizojua zilianza na "Ee Baba mwenye rehema," na mimi nilianza na "Weye." Weye, ulikuwa wapi? Weye, Mama yangu alikukosea nini? Kama hukuja, sema. Kama ulikuja na mimi ndiye ulinikataa, sema pia, nijue. Nilimutukana hata. Ndege walikula, na mimi nilisahau kugonga. Hakunijibu siku ile, wala siku zilizofuata. Lakini kila asubuhi nilirudi na maneno ingine, na nilikuwa namaliza kazi saa ya jua kuanguka bado nina mengi ya kumuambia.

Hapa Bunia sasa makanisa iko mingi kuliko maduka. Kuko mikro, kuko baffle kubwa ya kupaza sauti, na mutu anaeleza namna alikufa akafika mbinguni, akaona barabara na majumba, kisha akarudishwa Ngezi hii yetu yenye matope. Wajukuu wa majirani wananiuliza, "Tate, bibi yetu, unaamini?" Nasema sijui, mimi sikuwa pale. Sikasiriki. Watu wamepoteza nyumba, wamepoteza ngombe na mashamba, wamezika bila kuonyeshana kaburi. Mwenye kuwaletea majumba ya dhahabu wanamushukuru. Lakini mimi siwezi kukaa mu ile majumba. Nikisali, nasali bado kama ile mutoto wa mutama. Naanza na "Weye."

Nirudi. Mvua ilianza tena, na nikashikwa na homa. Chini kulikuwa na maji-maji, mukeka yetu ikalowa, na Koko, bila kusema neno, akanibeba akaniweka mu kitanda ya Mama. Hakuna mutu alikuwa amelala pale tangu Mama afe. Asubuhi akaacha mulango wazi, juu Mama Budza akipita anichungulie, akaenda kutafuta majani.

Nililala nikitetemeka, nyumba kimya, na nilisema moyoni, basi, ndivyo ilikuwa. Hivi ndivyo alikufa. Peke yake, hivi. Nikageuza kichwa juu nisiangalie ukuta.

Na nikaona kiwanja.

Kutoka mukeka yetu, mutungi ya maji ilitufungia macho. Hatukuona kitu ila miguu ya mwenye kuingia. Lakini ile kitanda ilikuwa juu kidogo, na kichwa ikilala ku upande wake, mulango ilikuwa mbele kabisa. Niliona kiwanja muzima, mupaka ku majani ya mwisho, mupaka pahali mbegu inafika ikiruka. Niliona kuku moja inatembea pale, na niliona hata jicho yake.

Mama alikuwa ananiona. Wakati wote nilikuwa inje nimeinama, alikuwa ananiona.

Sikuona nuru. Kulikuwa tu mwangaza ya mulango, ile ya kila siku, yenye mvua. Sikusikia sauti. Lakini ndani ya homa yangu nikajua kitu, na sijui kuieleza kuliko hivi: mimi nilikuwa namutafuta Mungu kwa kuchungulia, naingia mbio, natazama mu tundu, na yeye hakuwa mwenye kujificha mu nyumba. Ni mimi nilikuwa mbele ya macho yake. Nikasema, "Weye." Na mara ile sikuongeza neno, juu haikukuwa na lazima.

Koko akarudi na majani, amelowa. Akanikuta nalia.

"Unaumwa wapi?"

"Koko, lala hapa."

"Mutoto, homa inakupanda."

"Lala hapa, Koko. Weka kichwa hapa. Angalia."

Nafikiri alitaka kukataa. Lakini nilikuwa nimekwisha kushuka, nimeshika ukuta, na kitanda ilikuwa tupu mbele yake, na mutu muzee amechoka. Akaketi. Kisha akalala, polepole, na nguo yake yenye maji, akaweka kichwa pale mutoto wake aliweka. Macho yake ikaenda ku mulango, ikabaki pale.

Kifua yake ilipanda na kushuka. Kisha akasema, na haikukuwa sauti ya maneno ya kazi:

"Ngave. Toka inje."

"Koko, nina homa."

"Kidogo tu, mama yangu. Simama pale."

Nikatoka nikishika ukuta. Mvua ilikuwa nyepesi. Nikasimama katikati ya kiwanja, nikageuka. Kutoka inje hauoni kitu ndani. Mulango ilikuwa giza tu, na Koko alikuwa mu ile giza. Nilimusikia. Hakuimba. Alisema na sauti yenye alitumia na jirani ku shamba, akitaja jina ya mutoto wake, Lotsove, Lotsove, kisha akasema, "Bwana, kumbe mulikuwa munamuangalia huyu mutoto, weye na yeye, wawili."

Nikapiga hatua ya kurudi.

"Bado," Koko akaita. "Usiingie bado."

Basi nikabaki. Maji ilishuka mu macho yangu, na mu ile giza ya mulango mimi sikuona kitu. Nilisimama tu, nikaacha niangaliwe.